Mahusiano, mipaka na vijana wetu wa kusini: mambo tunayoyachanganya

Ukimuuliza mzazi wa Mtwara au Lindi, huku kusini mwa Tanzania, huwa anamwambia nini mwanae kuhusu mahusiano, wengi watakupa sentensi moja tu, "nimemwambia akicheza na wanaume atapata mimba", na kama mtoto ni wa kiume hata hiyo moja hapewi, anaambiwa awe na adabu asilete kesi nyumbani. Tahadhari sio mbaya. Ila haimsaidii binti wa kidato cha pili ambae boda amembeba bure toka mwezi wa tatu na leo anamwambia "sasa na wewe nifikirie", wala haimsaidii kijana ambae mpenzi wake kamwambia tuachane na yeye hajui hilo neno alifanyie nini zaidi ya kwenda kumvizia njiani akitoka shule. Hizo siku ndo zinaharibu maisha ya watu na hamna mtu mzima aliyewahi kukaa nao akazizungumzia.

Na sio jambo dogo. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta wasichana 22 katika kila 100 wenye miaka 15 mpaka 19 wameshashika mimba au kuzaa, ule wa 2015-16 ilikuwa 27, kwa hiyo tumeshuka kidogo lakini bado ni wengi mno. Na utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchi nzima mwaka 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla hawajafika miaka 18, na wavulana karibu 1 kati ya 7. Hiyo ya wavulana watu wengi huwa hawaitaji kabisa.

Mimi ninachoamini ni hiki, kukataa ni kitu ambacho mtoto anajifunza kwa kukifanya, na pa kwanza kukifanyia ni nyumbani, kwetu sisi wenyewe. Mtoto ambae tangu ana miaka minne "sitaki" yake inajibiwa kwa kofi au kwa kicheko, usitegemee akiwa na 15 ataitoa ikiwa na nguvu mbele ya mwanaume mwenye pikipiki na hela za korosho mfukoni. Na kaka yake ambae amekua anaona "sitaki" ya mwenzie haihesabiki, nae atatoka nayo hivohivo mpaka kwa mpenzi wake.

Hapo wazee wetu wanashtuka, wanasema unatufundishia watoto wasiwe na heshima. Hapana, na hapa ndo penye mkanganyiko wa kwanza maana tumefunga vitu viwili kwenye furushi moja. Heshima ni kutoa shikamoo, ni kupokea mzigo wa mkubwa, kutumwa dukani ukaenda bila kununa, kumsikiliza mtu mzima mpaka amalize ndo na wewe uongee, hiyo yote ibaki na ikazaniwe, mimi mwenyewe mtoto asiponisalimia nachukia. Lakini mwili wake haumo humo. Kupakatwa, kubusiwa, kutomaswa mashavu, kuvuliwa nguo mbele za watu, kulala kitanda kimoja na mgeni sababu vyumba havitoshi, hivyo vyote mtoto anaweza akasema hapana na bado akawa mtoto mwenye adabu kuliko wote hapo mtaani.

Kwetu huku inakuwa ngumu zaidi sababu Wamakonde, Wayao, Wamwera, Wamakua, kwa asili ukoo wetu unafuata upande wa mama, na mjomba ni mtu mkubwa sana, ana sauti kwenye ndoa, kwenye unyago, kwenye shamba. Kwa hiyo mtoto kumkatalia mjomba inaonekana kama ameukatalia ukoo mzima. Ndo maana hilo neno mara nyingi mtoto hawezi kulisema peke yake, inabidi mama au baba amsemee mara za kwanza. Mjomba katoka Dar, anamvuta mtoto amkalishe mapajani, mtoto anajinyonganyonga, mama hapo aseme tu kwa upole, "mjomba, shikamoo ameshakupa, leo hataki kupakatwa, mwache." Hamna aliyetukanwa. Mjomba wa kweli atacheka ataendelea na chai, na yule ambae atakasirika sana na kung'ang'ania, mama nae ameshaona kitu.

Alafu kuna utani. Babu anamwita mjukuu "mke wangu", shemeji anamtania mdogo wa mkewe, na huko nje makabila yanataniana mpaka msibani, mtani anakuja kukalia jeneza mpaka apewe hela. Siwezi kusema tuuache, huo utani ndo umetufanya tuishi vizuri na majirani zetu miaka yote na ni utajiri wetu. Tena ukiuangalia vizuri utani wenyewe una sheria zake ambazo ni somo zuri kabisa la mipaka. Utani unafanywa mbele za watu, haufanywi chumbani mlango umefungwa. Utani ni wa mdomo, haushiki maungo. Na mtani akizidisha anaambiwa "hapo umevuka" na anaacha, akiendelea wazee wanamkalisha. Mwambie mtoto hivohivo kwa maneno hayo. Babu anaemwita mke wangu barazani watu wote wakacheka, huyo anatania. Mtu anaemwita mke wangu kwa kunong'ona wakiwa wawili na mkono umeshafika pajani, huyo hatanii, na mtoto aje kusema siku hiyohiyo.

Na siri. Mtoto ajue mapema kwamba jambo lolote la mwili ambalo mtu mzima anamwambia "usimwambie mama" ndo la kwanza kumwambia mama. Hili halihitaji maelezo mengi, lirudiwe tu mara kwa mara tangu akiwa mdogo.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kwa maoni yangu ndo kinawaangusha mabinti wengi wa huku kuliko maneno matamu, nacho ni deni. Kila mtu wa kusini anajua kangomba. Mwezi wa pili njaa imebana, anakuja mtu na hela yake anakupa kidogo, unashukuru unaona amekuokoa, alafu msimu ukifika anachukua korosho zako kwa bei ya kutupa na huna mdomo maana hela yake ulishakula. Serikali imepiga marufuku ila watu bado wanafanyiana. Basi mabinti wetu wanafanyiwa kangomba kila siku. Lifti ya bure toka kijijini mpaka shule ya kata, na shule iko mbali kweli, kilomita nyingi za mchanga na jua. Chipsi. Vocha, bando. Elfu mbili ya taulo za kike ambayo aliiomba nyumbani akaambiwa subiri msimu. Hamna aliyemtongoza hapo, anaitwa mdogo wangu, anaulizwa masomo yanaendaje, inaenda hivyo miezi, siku akiombwa "na wewe nisaidie" binti anaona kabisa moyoni kwamba amekula hela ya mtu na atakuwa mbaya akikataa. Ukimwambia huyu "jifunze kusema hapana" unamwambia kitu ambacho hakigusi shida yake, shida yake anajiona anadaiwa.

Kwa hiyo cha kumfundisha ni hiki na kisemwe wazi kabisa: zawadi haina marejesho. Mtu akikupa kitu kwa hiari yake umekipokea, umesema asante, imeisha hapo, hata kama amekupa mara mia. Siku akianza kuhesabu, "nimekubeba mara ngapi, nimekununulia nini na nini", hajakudai kitu halali, amekuonyesha tu kwamba toka siku ya kwanza alikuwa anapanga. Hudaiwi. Mwili wako sio malipo ya nauli. Binti anatakiwa alisikie hili toka kwa baba yake hasa, mana likitoka kwa baba linakaa.

Na wazazi na sisi tuna sehemu yetu, tena kubwa. Msimu wa korosho hela ikiingia, kitu cha kwanza kinachonunuliwa kisiwe bati na redio, itengwe ya taulo na ya nauli ya mtoto ya mwaka mzima. Ukimuona na simu mpya au viatu ambavyo hukununua, muulize, lakini muulize kama mtu unaetaka kujua na sio kama polisi, mtoto akishajua jibu lake litaleta fimbo atakudanganya na hutajua tena kitu chochote kinachoendelea. Wale wanaosoma mbali na wamepangishiwa mageto ndo wa kuangaliwa zaidi, mtoto wa miaka 14 anaishi chumba peke yake, anajipikia, jirani yake ni dereva boda na muuza duka, hapo hata awe na akili vipi amewekwa sehemu ngumu. Kama hosteli ya shule ipo au kuna shangazi maeneo ya karibu heri akae huko. Na wa kiume nao wanapewa. Kuna watu wazima wanawapa vijana wadogo simu na viatu kwa nia hiyohiyo, na mvulana anaona aibu mara mbili kusema.

Tuje kwenye wao kwa wao sasa, vijana wanaopendana wa umri mmoja, maana huwezi kujifanya hawapo. Wengi wao picha ya mapenzi wameipata kwenye simu na kwenye ngoma za vigodoro, na mle wivu unaonekana ndo ushahidi wa kupenda. Akikufokea ukiongea na mwanafunzi mwenzio anakupenda, akitaka paswedi ya simu anakupenda, akitaka umtumie lokesheni kila ukitoka anakupenda, akikupiga kofi mbele za watu basi hapo anakupenda mpaka amechanganyikiwa. Hapana jamani. Hivi vitu vinaenda kwa mpangilio ambao ukiujua unauona mapema, anaanza kukutenga na rafiki zako mmojammoja ("yule ana tabia mbaya, achana nae"), anafuata kwenye simu yako, anafuata kwenye mavazi, anakufanya wewe ndo mwenye kosa kila mkigombana, kipigo kinakuja mwishoni wakati huna tena mtu wa karibu wa kumwambia. Na hilo linawapata wavulana pia, kuna mabinti wanawachunga vijana kwenye simu mpaka wanashindwa kusoma.

Mwenzi mzuri kwa umri huo ni mtu ambae ukiwa nae bado unasoma, bado unaswali au unaenda kanisani kama ulivyokuwa, marafiki zako bado ni marafiki zako, ukichelewa kujibu meseji hupigiwi simu kumi na tano, na mkikosana mnaongea na hamna anaetishia kujiua au kukuanika. Kijana akiyasikia haya kwa utulivu anajipima mwenyewe, huna haja ya kumtaja mpenzi wake. Ukimtaja ataanza kumtetea.

Lakini kitu ambacho tumekisahau kabisa ni kumfundisha mvulana kupokea hapana. Sisi nguvu zote tumeweka kwa msichana, akatae, ajifunge, asitembee usiku, na mvulana tumemfundisha kitu kimoja, kutokata tamaa. Anaambiwa na kaka zake mwanamke lazima akatae kwanza, ukiona amekataa mara tatu ujue anakupima. Kwa hiyo binti akikataa kweli hana tena neno la kulitumia, kila neno lake limeshapewa maana nyingine kabla hajafungua mdomo. Hili inabidi wanaume wa huku wakae na vijana wao walivunje, na ni wanaume hasa, kijana hatalichukua kwa mama. Akikuambia hapana, ni hapana, unasema "sawa, nimekuelewa" na unaondoka, humfuati, humtumii rafiki yako akamlainishe, humpigii kwa namba nyingine ukishablokiwa, humtangazi vibaya kwenye grupu. Utaumia, na kuumia kunaruhusiwa, nenda ukacheze mpira, mwambie kaka yako, lia kama kilio kipo. Mwanaume aliyekataliwa na akabaki mtu wa heshima hajapungua kitu.

Na kukubali nako kuna mambo yake. Kunyamaza sio kukubali, mtu akiogopa anaganda, mwili wenyewe unagoma, hapigi kelele wala hakimbii, na baadae anajilaumu mwenyewe kwanini sikupiga kelele. Alieshakunywa uraka, ile pombe ya mabibo, mpaka hajielewi hawezi kukubali kitu. Aliekubali kuja geto amekubali kuja geto, hajakubali kingine. Aliekubali juzi anaweza leo akakataa. Na alieulizwa mara ishirini akachoka akasema "haya basi", huyo hajakubali, amechoshwa. Mwambie kijana, ukiona inabidi umbembeleze sana ujue jibu ulishapewa.

Picha. Binti anaambiwa "nitumie moja tu nitaifuta", anatuma, wanagombana, kesho iko kwenye magrupu yote ya shule na mama yake ameletewa na jirani. Wote wajue kwamba tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao, na picha za ngono za mtoto kuzisambaza ni kosa la jinai, sio kwa aliyeanza tu, hata wewe uliyeipokea ukaipeleka kwenye grupu lingine. Na binti ambae ameshatumiwa vitisho, "usipokuja nazimwaga", asitume nyingine na asiende, na asifute zile meseji, apige skrinishoti azihifadhi, amwambie mtu mzima anaemwamini. Mtu mzima huyo asianze na "kwanini ulituma". Hilo swali lina muda wake na sio hapo.

Siwezi kuongea mipaka kusini nikaruka unyago na jando. Watu wa nje huwa wanatuandika kama vile hizo mila ndo chanzo cha kila kitu na mimi sikubaliani nao, kungwi ndo mtu mzima pekee ambae jamii yetu imempa ruhusa ya kuongea na mtoto kuhusu mwili wake bila aibu, kuhusu hedhi, usafi, kujitunza, na mafundisho ya heshima yaliyomo mle ni mazito, mtu anayakumbuka akiwa bibi. Shule hata iwe na mwalimu wa ushauri mzuri vipi haina nguvu hiyo. Ila kuna vitu viwili vya kusemwa kwa uwazi. Cha kwanza ni umri, watoto wanachezwa wadogo mno, wengine hata ungo hawajavunja, wapo darasa la tatu la nne, wanatolewa wamevalishwa wamepambwa na mtaa mzima unashangilia kwamba amekua. Amekua nini na ana miaka tisa? Yeye anaamini, na mbaya zaidi wanaume nao wanaamini. Cha pili ni yale mafundisho ya kumridhisha mume kufika mapema, mtoto anafundishwa namna ya kumfurahisha mwanaume na hafundishwi hata siku moja namna ya kumwambia mwanaume sitaki. Na jandoni nako mvulana anatoka anajua ameshakuwa mwanaume, ila uanaume wenyewe ameelezwa kwa upande wa nguvu tu.

Hivi vinarekebishika na wa kurekebisha ni makungwi na wazee wenyewe. Mambo ya chumbani yaachwe mpaka binti anapoolewa kweli, mana hata zamani mwali alikuwa anafundwa kwa hatua, mengine yalikuwa yanangoja ndoa. Kwa wadogo yabaki ya mwili, usafi, heshima, na liongezwe hili la kukataa na kwenda kusema. Nyakanga, yule mkuu wa makungwi, akisema mbele ya wali wanaofundwa "miili yenu isichezewe na mtu, hata awe ndugu, mkichezewa njooni kwangu", hilo neno lina uzito kuliko semina za mjini. Na mvulana jandoni aambiwe na mzee anaemuogopa kwamba mwanaume anaelazimisha ameshindwa uanaume. Shughuli zifanyike likizo, maelekezo ya viongozi wa mikoa yapo siku nyingi, mtoto asikose shule sababu ya ngoma.

Sheria nayo watu wanaichanganya sana kwa hiyo niiweke kama ilivyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kanuni ya Adhabu, baada ya ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, inasema mwanaume akifanya mapenzi na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji, awe amekubali au hajakubali, na kifungo kinaanzia miaka 30. Yaani ile "walikuwa wanapendana" haimsaidii mtu mahakamani. Hili vijana wa kiume wa miaka 19, 20, wanatakiwa walijue vizuri mana wengi wanaona ni mpenzi wangu tu wa shule na wazazi wanatujua, alafu siku kesi inakuja wanashangaa. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu nayo ikafanyiwa marekebisho, ukimpa mimba au ukimuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni miaka 30, na aliesaidia au kushawishi mwanafunzi aolewe nae ana kosa lake.

Mkanganyiko unatoka kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo vifungu vyake viliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi wakati mvulana ni 18, na ile Kanuni ya Adhabu ikamuacha nje mume wa binti wa miaka 15 na kuendelea. Ndo maana mpaka leo kuna mtu anakwambia "si ana 15, sheria inaruhusu". Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, alivipeleka vile vifungu Mahakama Kuu, mwaka 2016 mahakama ikasema vinaenda kinyume na Katiba na ikatoa mwaka mmoja virekebishwe, serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi ule. Na binti akipata mimba masomo hayajaisha, tangu Novemba 2021 serikali imesema anaruhusiwa kurudi shule baada ya kujifungua. Wazazi wengi vijijini bado hawajui, wanamuoza haraka haraka wakidhani mlango umefungwa.

Ikiwa limeshatokea, mtoto amekuja amesema, au hajasema ila umeona, maneno ya kwanza ni "nimekuamini" na "sio kosa lako", alafu unanyamaza unamsikiliza, humuhoji kila dakika alikuwa amevaa nini. Kama ni jambo la kuingiliwa asiogeshwe, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye karatasi au bahasha na sio mfuko wa nailoni. Mnaenda hospitali haraka mana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na mapema zaidi ndo bora zaidi, na kinga ya mimba ya dharura nayo inafanya kazi siku za mwanzo. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, ndo wanatoa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, halmashauri kuna afisa ustawi wa jamii, na namba 116 ni ya bure, ni ya watoto, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Kinachoua hizi kesi huku kwetu ni kuyamaliza nyumbani. Ndugu wa mwanaume wanakuja usiku na mzee mmoja wa heshima, wanatoa hela au mbuzi, wanasema tusiharibu undugu, baba wa mtoto ana shida ya hela na msimu bado, anapokea, na mtoto yuko chumba cha pili anasikiliza bei yake ikipangwa. Kosa la jinai sio mali ya baba kulisamehe, kesi ni ya Jamhuri, na hizo hela hazifuti chochote. Kingine watu wanasema hamna shahidi, mtoto alikuwa peke yake. Kwenye makosa haya mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto mwenyewe, akiahidi kusema kweli na mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli, hata kama hamna mwingine aliyeona. Kwa hiyo jambo kubwa ni mtoto afike siku akiitwa, na kufika kwenyewe ni nauli, ni mtu wa kumsindikiza, ni sehemu ya kula akisubiri, kesi imeahirishwa mara tatu mama amechoka na palizi shambani. Hapo ndo mjomba, shangazi, kungwi aliyemcheza huyo mtoto, na majirani wanatakiwa wakae wapange zamu, wiki hii nani anaenda nae, nauli inatoka kwa nani, na nani anabaki na wadogo zake.